Ngazi nne, choo kimoja na hela za asilimia mbili

*"Shikamoo mtaalamu. Binti yangu ana miaka 11, alizaliwa na mgongo wazi, hatembei, anatumia kitimwendo. Yuko darasa la nne shule ya msingi ya serikali hapa Nyamagana, Mwanza, sisi tunaishi juu kwenye mawe. Januari akiingia la tano darasa lake liko kwenye jengo lenye ngazi nne, na hakuna pa kupitishia kitimwendo. Choo ni cha kuchuchumaa na mlango wake mwembamba, kwa hiyo mama yake hushuka shuleni kila siku saa nne kumsaidia kutoa mkojo kwa mpira. Biashara yake ya dagaa pale Mwaloni imelala. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, ila anasema halmashauri haina fungu la walemavu, bora tumpeleke bweni. Mtaani nimeambiwa zipo hela za asilimia mbili za walemavu, nitoe elfu thelathini niandikishwe nipewe. Je, hizo hela zinaweza kujenga njia na choo? Na kama halmashauri haina wajibu, nani anao?"*

Marahaba, baba. Umeuliza maswali matatu ndani ya moja: hela zipo wapi, nani mwenye wajibu, na mtoto aende bweni au abaki. Nitaanza na la hela, kwa sababu hapo kuna mtu anataka kukuibia.

Hiyo elfu thelathini usiitoe. Kuandikishwa kama mtu mwenye ulemavu hakulipiwi. Mtendaji wa mtaa wako anatakiwa kuwa na orodha ya watu wenye ulemavu wa mtaa huo, na binti yako anapaswa kuwemo bila kutoa hata shilingi. Kama hayumo, nenda naye au peleka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na karatasi za kliniki. Anayekuomba hela ili "akuingize kwenye asilimia mbili" ni dalali, hata kama ana kitambulisho kifuani.

Sasa asilimia mbili yenyewe. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho kusuasua, ikarudi 2024 kwa kanuni mpya. Zingatia neno mikopo. Ni mtaji wa biashara, unaandikiwa andiko, unakaguliwa, unarejeshwa. Watu wamenunulia bajaji, cherehani, mashine za kukobolea. Haijengi njia ya shule wala choo, na hata afisa akitaka kukusaidia hawezi kuihamisha huko, mkaguzi atamng'ata. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, na ni vizuri kuwa hapana: ujenzi wa shule ya umma haupaswi kuwa deni la mzazi.

Lakini usiifute kabisa. Mama yake anaweza kuingia kwenye ile asilimia 4 ya wanawake, yeye kama yeye, na kikundi cha wauza dagaa wenzake. Hilo watu wengi hawalioni, wanang'ang'ania mlango wa ulemavu wakati mlango wa pembeni uko wazi. Angalieni jambo moja la Mwanza: nyinyi mnaishi Nyamagana, yaani Halmashauri ya Jiji, ila soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, liko Ilemela, ambayo ni manispaa nyingine yenye mkurugenzi wake. Kabla hamjasajili kikundi, mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mnakotaka kukisajili kama wanachama na biashara vinakubalika vikiwa pande mbili. Nimeona barua nzuri zikilala miezi kwa sababu tu zilipelekwa kwa mkurugenzi wa upande wa pili.

Tuje kwenye wajibu. Mwalimu mkuu hakudanganya, ila alisema nusu. Inawezekana kweli ukipekua kitabu cha bajeti usikute mstari ulioandikwa "walemavu" wa kujengea shule. Hiyo haina maana kwamba halmashauri haihusiki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, na inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Shule ya msingi ya serikali ni mali ya halmashauri. Kwa hiyo njia na choo vinatoka kwenye fedha zilezile za madarasa, ukarabati na vyoo vya shule. Fedha ya mtoto wako imo ndani ya fungu la watoto wote, na kazi yako ni kuhakikisha shule yenu inaandikwa humo na kazi yenyewe inatajwa kwa jina.

Hapo ndipo kalenda inapoingia, na kalenda ndiyo inayowaangusha wazazi kuliko roho mbaya ya maofisa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Maandalizi yake huanza mapema sana: mwishoni mwa mwaka mitaa na kata hukusanya vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvipitisha, halmashauri huunganisha, na Baraza la Madiwani hupitisha bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka kabla haijaenda mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Bungeni. Mzazi anayepeleka barua Mei anaomba kitu ambacho mlango wake ulishafungwa, anaambiwa "hakuna fungu", anarudi nyumbani akiamini hapendwi. Omba jambo lako lijadiliwe kwenye mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Diwani wako anaingia kwenye ile kamati ya kata na kwenye baraza, kwa hiyo yeye ndiye wa kumfuata wakati huu, siyo wakati wa kampeni.

Lakini hata mkifanikiwa, hela ya bajeti mpya haiwezi kutoka kabla ya Julai, na binti anaingia la tano Januari. Kwa hiyo Januari inahitaji dawa nyingine, na ipo, haina gharama: darasa la tano lihamie chini. Ngazi hazikatazi mtoto kusoma, zinakataza kuingia chumba kile. Kama kuna chumba usawa wa ardhi kinachotumiwa na la sita au la pili, mwalimu mkuu na kamati ya shule wanaweza kubadilishana vyumba bila kuomba kibali cha mtu yeyote jijini. Nashangaa kila mara jinsi wazo hili linavyochelewa kufika. Watu wazima wanakaa vikao vitatu wakijadili saruji wakati kinachotakiwa ni kubeba madawati. Liombe hili kwanza, kabla ya lingine lolote, na liombe Novemba, kabla ratiba ya mwaka mpya haijapangwa.

Kisha njia yenyewe. Usikubali fundi akamwaga zege mbele ya ngazi na kuondoka. Kipimo kinachokubalika kwa kitimwendo ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Pima ngazi zenu. Kama kila moja ina sentimita 15, nne ni 60, na njia inatakiwa iwe na urefu wa mita 7.2. Hiyo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu njia nyingi unazoziona kwenye majengo ya umma ni za kubabaisha, mita mbili tu, mtoto akishuka nazo anaruka kama yuko kwenye bembea la kuteleza. Upana usipungue sentimita 90, ukipata 120 ni bora zaidi. Pembeni pawe na kingo na vyuma vya kushikia, juu na chini pawe na sehemu tambarare ya mita moja na nusu ya kugeuzia, na zege lisisuguliwe likang'aa, maana mvua ya Mwanza ikinyesha litateleza. Eneo likiwa finyu, njia inaweza kukunjwa kona moja. Kazi hii ni ndogo kwa halmashauri. Mafundi wa mtaani wanaiweza chini ya mhandisi wa jiji. Mfuko wa jimbo nao, ule unaosimamiwa na kamati ya mbunge, huchukua kazi za ukubwa huu.

Choo ndicho kikubwa, na kwenye barua yako umekitaja kwa mstari mmoja tu. Mimi ningekitanguliza mbele ya ngazi. Kwenye ngazi mtoto anaweza kubebwa na wanafunzi wawili wenye moyo, ingawa siyo heshima na siyo salama. Choo hakibebeki. Mtoto mwenye mgongo wazi, yaani ambaye uti wa mgongo haukufunga vizuri tumboni, mara nyingi mishipa yake ya kibofu haifanyi kazi sawasawa, ndiyo maana anatolewa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo kila baada ya saa tatu au nne. Akikosa mahali safi na penye faragha, hutokea moja ya mambo mawili: anacheleweshwa hadi arudi nyumbani na mkojo unarudi kuumiza figo, au yeye mwenyewe anaacha kunywa maji asubuhi ili asiwasumbue watu. Hilo la pili watoto hulifanya kimyakimya. Mwulize binti yako kwa upole anakunywa vikombe vingapi kabla ya kurudi nyumbani. Tena ana miaka 11. Hedhi iko njiani, na mlango usiofungika utamrudisha nyumbani kwa kudumu kuliko ngazi yoyote.

Hakihitajiki choo cha hoteli. Inatosha kuchukua matundu mawili yaliyopakana, kuvunja ukuta wa katikati, kuweka mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, kiti cha kukalia badala ya shimo tupu, vyuma viwili vya kushikia ukutani, ndoo ya maji na sabuni, meza ndogo ya kuwekea vifaa vyake, na komeo la ndani analolifikia akiwa amekaa. Njia ya kufikia choo hicho iwe imesakafiwa; nimeona choo kizuri kabisa kikiwa ng'ambo ya mtaro. Na ufunguo usikae kwa mwalimu mmoja ambaye siku akienda semina choo kinakuwa stoo.

Kuna jambo lingine linaloweza kumrudisha mama Mwaloni hata kabla tofali halijawekwa. Watoto wengi wa umri wa binti yako hufundishwa kujitoa mkojo wenyewe. Siyo wote, inategemea mikono yake, macho na anavyokaa. Wauguzi wa kliniki wanayoihudhuria watoto wa mgongo wazi pale hospitali ya Bugando ndio wa kuulizwa hili, na mkienda waambieni wazi kwamba mnataka afundishwe yeye mwenyewe, siyo mama tu. Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, siwezi kumfundisha mtu mpira kwa maandishi, na wewe usijaribu kwa kuangalia video. Akishaweza, shule inabaki na deni moja tu: chumba safi chenye komeo.

Njia ya kutoka nyumbani kwenu hadi shuleni ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkweli kuliko utakavyopenda. Barabara za mitaa haziko tena chini ya halmashauri. Tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara za taifa, na daladala zinazokataa kitimwendo ni suala la LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Ukimwandikia mkurugenzi wa jiji kuhusu hayo, atakuelekeza huko, na hatakuwa amekukwepa. Tena milima yetu ina hesabu zake. Kwa kile kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kupanda mita 30 tu kunataka njia ya mita 360. Kwenye mawe ya Mabatini, Igogo au Isamilo nafasi hiyo haipo, hata pesa zikiwepo. Kinachowezekana ni kuomba vyuma vya kushikia, ngazi zilizosawazishwa, na njia ya mawe iliyopangwa vizuri hadi pale bodaboda au bajaji inapofika. Familia kadhaa ninazozifahamu ziliishia kuhamia chumba cha chini ya mlima. Kodi ilipanda kidogo, mgongo wa mama ukapona. Siwaambii mhame, nawaambia mlipige hesabu mkiwa mmekaa wawili, kwa sababu binti anakua na uzito unaongezeka kila mwaka.

Bweni sasa. Mwalimu mkuu anaposema bweni nadhani anafikiria shule kama Mitindo kule Misungwi, ambayo imewasaidia watoto wengi, hasa wasioona na wenye ualbino. Hizi shule zina kazi yake. Mtoto asiyeona anahitaji mwalimu wa nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa, na si kila shule inaye. Miaka ambayo watoto wenye ualbino waliwindwa Kanda hii ya Ziwa, ukuta wa bweni uliokoa maisha. Binti yako anahitaji nini cha namna hiyo? Akili yake inafuata masomo, anasikia, anaona, anaandika. Kinachomzuia ni ngazi nne na mlango mwembamba. Kumtoa kwa mama yake kwa sababu ya ngazi nne ni kumwadhibu yeye kwa kosa la jengo. Tena bwenini nani atasimamia mpira kila baada ya saa tatu au nne? Matroni mmoja huwa na watoto wengi. Ningelifikiria bweni endapo tu mlima wenu utashindikana kabisa na hamwezi kuhama, na hata hapo ningejaribu kwanza shule ya kutwa iliyoko tambarare karibu na ndugu. Kabla ya uamuzi wowote wa kumhamisha, mtoto apimwe mahitaji yake. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu kwenye idara ya elimu msingi. Mwombe akutane na mtoto, asiishie kusoma jina lake kwenye orodha.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Andika kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia mwalimu mkuu na mtendaji wa kata, nakala kwa Afisa Elimu Msingi na Afisa Ustawi wa Jamii. Usieleze mateso kwa kurasa tatu; maofisa wanasikitika, wanaweka faili kando. Eleza kitu kinachoweza kuingizwa kwenye bajeti: "Jengo la darasa la tano lina ngazi nne zenye jumla ya sentimita 60, inahitajika njia ya kitimwendo ya mita 7.2 kwa upana wa mita 1.2. Matundu mawili ya choo cha wasichana yaunganishwe kuwa kimoja kinachofikika." Weka picha mbili. Taja sheria ya 2010 kwa mstari mmoja, bila vitisho. Fundi akikukadiria gharama, ambatanisha. Peleka mwenyewe masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala isiyo na muhuri, ofisini haijawahi kuwepo.

Usiende peke yako kama unaweza. Sheria ileile iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaa na kata hadi halmashauri na mkoa. Zipo zilizo hai na zipo zilizobaki karatasini. Uliza kwa mtendaji mwenyekiti wake ni nani, swali hilo peke yake wakati mwingine huifufua. Vyama navyo vipo, CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania) na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na wana uzoefu wa kukaa na wakurugenzi. Kwa hakika katika shule yenu kuna mtoto mwingine au wawili wa kusaidiwa na njia hiyo, au bibi anayekuja kikao cha wazazi na fimbo. Majina matano chini ya barua hufanya kazi ambayo jina moja haliwezi.

Mwezi ukipita kimya, rudi na nakala yenye muhuri uulize faili liko meza gani. Miezi mitatu ikipita, mpelekee Mkuu wa Wilaya nakala hiyohiyo, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko ya mwananchi bila malipo. Sijaona sababu ya kuanzia huko. Wengi wa maofisa hawa ukiwapa kazi yenye vipimo, wakati bajeti bado iko wazi, huifanya.

Mwisho, yapo mambo usiyasubirishe barua. Akipata homa na mkojo wenye harufu kali au mawingu, hospitali siku hiyohiyo. Mkague makalio, mapaja na visigino kila jioni. Ngozi yake haisikii maumivu, kidonda cha kukalia kitimwendo kinaweza kufika mfupani kabla hajalalamika. Kama aliwekewa mpira wa kupunguza maji kichwani, basi maumivu ya kichwa, kutapika, au usingizi usio wa kawaida ni safari ya Bugando usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda. Na kama tangu akiwa na miaka saba anatumia kitimwendo kilekile, kimeshamwacha: mpelekeni kwa watu wa mazoezi tiba wampime upya, kiti kipana au kifupi humpinda mgongo. Mkikwama gharama za matibabu, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya kuondoka pale, yeye ndiye anayeshughulikia msamaha kwa wasio na uwezo.